Kufufua Redio Kuukuu ya Stereo

Kwa miaka mingi redio ilikuwa kiungo kikuu kati ya Mpanda na sehemu nyingine za nchi. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, wananchi walikutana kwa vikundi kusikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Baadaye, waliokuwa na uwezo walijipatia redio kubwa za stereo, zenye kikuza sauti chenye nguvu na matundu ya kuunganishia gramafoni na kaseti.

Hivi leo nyingi kati ya redio hizo zimekaa kimya juu ya makabati, na wenyewe hudhani kwamba zimekufa. Ukweli ni kwamba mara nyingi transfoma, transista na spika ni nzima, na kilichoharibika ni kitu kidogo cha bei nafuu. Hata hivyo, redio hiyo hiyo yaweza kumwua mtu anayeifungua kwa pupa. Kwa hiyo ni vema kuelewa kwanza jinsi inavyofanya kazi.

Chanzo cha ugonjwa

Umeme wa ukutani ni mkondo geu wa volti 230, unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya redio, transfoma huupunguza, diodi huugeuza uende upande mmoja, na kapasita kubwa huusawazisha. Kapasita yaweza kulinganishwa na mtungi wa maji: hujazwa kwa vipindi, lakini humwezesha mwenye nyumba kuteka wakati wowote.

Kapasita hizo zimetengenezwa kwa karatasi nyembamba za alumini zilizoviringwa pamoja na umajimaji uitwao elektroliti. Juu ya alumini pamo utando mwembamba mno wa oksidi, ambao ndio unaozuia umeme usipite. Umajimaji hukauka polepole kwa miaka, na joto huharakisha jambo hilo: kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za Sentigredi, umri wa kapasita hupungua kwa takriban nusu. Redio iliyowekwa chini ya paa la mabati katika joto la mwezi Oktoba, na matundu yake ya hewa yakafunikwa kwa kitambaa cha kufuma, huzeeka upesi kuliko ile inayopata hewa.

Matokeo yake yaweza kuhesabiwa. Diodi hutoa mapigo 100 ya umeme kwa sekunde. Kikuza sauti kikitumia ampea 1, kapasita nzima ya mikrofaradi 10,000 huacha volti zipande na kushuka kwa kiasi cha volti 1 tu. Ikikauka hata ikabakiwa na mikrofaradi 1,000, mpando huo hukaribia volti 10, na spika hutoa mngurumo mzito usiopungua hata sauti inapofungwa. Asikiaye mngurumo huo huwa tayari ameutambua ugonjwa.

Umeme usiotulia

Kwa muda mrefu Mpanda ilipata umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Mahali popote umeme unapopanda na kushuka, kapasita huumia. Chukua mfano wa transfoma inayotoa volti 24. Baada ya diodi, kilele cha umeme huo hukaribia volti 34, na mtengenezaji akiweka kapasita ya volti 35, huwa amebakiza nafasi ndogo sana. Umeme wa ukutani ukipanda hadi volti 260, kilele hufikia volti 38, na kapasita huzidiwa. Kwa sababu hiyo, anayebadilisha kapasita achague yenye mikrofaradi zile zile, lakini yenye volti nyingi zaidi, kwa mfano 50.

Usalama

Kabla ya kufungua kifuniko ni lazima plagi ichomolewe, kwani kuzima swichi hakutoshi. Hata baada ya hapo, kapasita ya mikrofaradi 10,000 yenye volti 40 huwa bado imehifadhi nishati ya jouli 8, inayotosha kurusha cheche kali na kuunguza. Imalizwe kwa kuunganisha ncha zake na rezista ya omu 100 kwa muda wa sekunde kumi, kisha ipimwe kwa mita. Redio za zamani zaidi, zile za vali, zina volti zaidi ya 200 ndani yake na zaweza kuua; hizo aachiwe fundi aliyefunzwa.

Hatua za matengenezo

Kwanza, vumbi la kiangazi na viota vya nyigu viondolewe kwa brashi laini. Pili, itazamwe swichi ya volti iliyo nyuma. Redio iliyoletwa kutoka Japani yaweza kuwa imepangwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ikichomekwa hapa bila kurekebishwa, huungua.

Tatu, redio iliyolala miaka mingi isiwashwe moja kwa moja. Iunganishwe kwa mfululizo na balbu ya waya wa moto ya wati 60. Balbu za siku hizi zisizo na waya huo hazifai. Balbu ikimweka na kufifia, ni kwamba kapasita zimejaa na hali ni njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna umeme unaovuja, nayo redio imeokolewa isiungue.

Nne, kapasita zilizovimba zibadilishwe kwa kufuata alama za chanya na hasi, kwani ikigeuzwa yaweza kupasuka. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi, ile risasi iliyochimbwa Mpanda wakati wa utawala wa Mwingereza na kusababisha tawi la reli kutoka Kaliua lijengwe. Risasi ni sumu: madirisha yafunguliwe, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Tano, vitufe vinavyokwaruza visafishwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Mwisho, kabla ya kuunganisha spika, mita iwekwe kwenye matundu yake. Ikionyesha volti kadhaa za mkondo mnyoofu badala ya sehemu ndogo ya volti, transista ya mwisho imekufa, na spika ikiunganishwa itaungua.

Kuhusu mawimbi

Redio ikipona lakini isinase vituo, isihukumiwe haraka. Redio zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hunasa FM kati ya megahezi 76 na 90, ilhali vituo vya Tanzania hutumia 87.5 hadi 108. Redio kama hiyo si mbovu. Bado yaweza kutumika kama kikuza sauti, na kuzipigisha tena kaseti za harusi, kwaya na sauti za wazee ambazo huenda hazina nakala nyingine popote. Kaseti hizo nazo zinazeeka, na kila mwaka unaopita hupunguza uwezekano wa kuzisikia.