Uigaji kwa Kompyuta Unavyosaidia Kupanga Mapambano Dhidi ya Malaria

Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2017 ulionesha kuwa takribani asilimia 7 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa na vimelea vya malaria. Wastani huo ulificha tofauti kubwa: mkoani Kigoma kiwango kilifikia asilimia 24, ilhali Kilimanjaro na Arusha kilikuwa chini ya asilimia 1. Je, mikoa hiyo yote ipewe afua zilezile?

Kujaribu kila mchanganyiko wa afua kwa wananchi wenyewe huchukua miaka na fedha nyingi, na eneo litakaloangukiwa na mchanganyiko dhaifu hulipa kwa uhai wa watoto. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia modeli za uigaji.

Modeli ya uigaji ni programu ya kompyuta inayounda jamii ya kubuni. Ndani yake wamo watu wa umri na kinga tofauti. Wapo wanaolala ndani ya chandarua na wanaokaa nje hadi usiku wa manane. Wapo pia mbu, mvua na zahanati. Programu hukokotoa, hatua kwa hatua, nani ameumwa na mbu, nani ameugua na nani ametibiwa. Kisha mtafiti hubadilisha jambo moja, tuseme idadi ya vyandarua, na kuanza upya. Zoezi hurudiwa mara nyingi, kwa kuwa bahati nayo ina nafasi yake.

Fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyegundua vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, alionesha kwa hesabu kuwa si lazima kumaliza mbu wote ili ugonjwa utoweke. Katika miaka ya 1950, George Macdonald alibainisha kuwa kufupisha maisha ya mbu kuna nguvu kuliko kupunguza idadi yao tu: kimelea huhitaji takribani siku kumi au zaidi kukomaa, na mbu akifa mapema haambukizi mtu.

Kwa Tanzania Bara, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria na taasisi ya Swiss TPH ya Uswisi walitumia modeli ya OpenMalaria kukadiria matokeo ya afua katika kila halmashauri kati ya 184, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020.

Modeli haiamui, uamuzi hubaki kwa wataalamu na viongozi wanaojua bajeti na mazingira. Wala haiwezi kuwa sahihi kuliko takwimu inazolishwa. Mgonjwa wa homa akipewa dawa bila kupimwa, halmashauri yake huonekana kuwa na malaria nyingi kuliko ilivyo. Hivyo kipimo kisichoonesha vimelea nacho huandikwa katika rejesta ya zahanati, sawa na kile kilichoonesha.