Nani Kakupokeza?

Ndugu msomaji, nilipopita Matuu, mji wa Machakos ulio katika njia ya Thika kwenda Garissa, kijana mmoja wa chuo alinieleza mashaka yake. Shuleni insha zake zilisifiwa kwa methali na tamathali, chuoni mwalimu humwandikia pambizoni: "Nani kasema?" Akaona ulimi wake umefungwa, akashawishika kumlipa mtu amwandikie. Biashara hiyo imeenea Kenya; hata wanafunzi wa Marekani na Uingereza huandikiwa insha na vijana wetu kwa ujira.

Nikamwambia: Mwanangu, swali hilo si geni. Wanazuoni wa hadithi, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, walitanguliza isnadi: fulani kapokea kwa fulani, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mpokezi akibainika mwongo, habari yake hukataliwa. Tanbihi za insha hufanya kazi iyo hiyo.

Basi atiaye jina lake juu ya insha ya mwingine, huyo ndiye mpokezi mwongo. Methali zako zibaki, lakini kila neno ulilopokea litajie mwenyewe, na lililo lako likeshee.