Simu gani inalia muzuri ndani ya ekutere? Pima mbele ya kununua

Hapa Katuba, sawa vile ku Kenya na ku Kamalondo, kijana akileta simu mupya, wenzake wanataka wasikie kwanza muziki yake. Wanaingiza ekutere, wanasikiliza dakika moja, kisha mmoja anasema: "Hii inapita yako." Saa ile ile mwenye simu ya zamani anaanza kuhesabu feza. Mbele feza itoke mufukoni, tuangalie ile tofauti inatokea wapi.

Muziki inapita fasi tatu mbele ifike mu sikio: faili ya wimbo, chombo chenye kuicheza, na ekutere. Watu wengi wanalaumu chombo. Mara mingi kosa haiko pale.

Tuanze na faili. Ndani ya CD, sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde. Wimbo wa dakika 4 unakamata karibu megabaiti 42. Ili nyimbo mingi ziingie ku kadi memori, tunatumia MP3, ufundi wenye ulitokea zaidi Ujerumani na wenye unaitwa jina hilo tangu 1995. MP3 inatupa sehemu za sauti zenye sikio haizitambui kwa urahisi. Kwa kilobiti 128 kila sekunde, wimbo ule ule unabaki na megabaiti karibu 4. Kwa kilobiti 320, karibu 10. Kuko pia FLAC: inapunguza uzito, lakini haitupi kitu.

Kwa 320, watu wengi hawawezi kuitofautisha na CD. Kwa 128, sikiliza vyuma vya batari: vinaweza kulia sawa vile mchanga unamwagika. Na chenye kilitupwa hakirudi tena. Mtu akigeuza faili ya 128 kuwa 320, anaongeza paka uzito. Akiigeuza mara ya pili na ya tatu, inazidi kuharibika.

Kwetu Katanga jambo hili ni kubwa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alirekodi Jean Bosco Mwenda na gitaa yake kule Jadotville, mji wenye leo tunaita Likasi. Ile gitaa ya vidole iko na sauti ndogondogo mingi, na faili mbaya inaanza kuzifuta zile. Kama ku nyumba kuko kaseti ao diski ya zamani ya baba ao ya babu, irekodiwe kwanza kwa FLAC na ile faili iwekwe muzuri. Kisha mutoe MP3 ndani yake kwa kuweka ku simu.

Tufike ku chombo. Ndani yake kuko kipande kidogo chenye kinageuza namba kuwa umeme, na kingine chenye kinasukuma ule umeme mpaka ku ekutere. Leo kazi hiyo haiombi feza mingi. Ekutere ndogo za kawaida ziko na ohm 16 mpaka 32, na simu ya kawaida, yenye ilitengenezwa muzuri, inazisukuma bila shida. Ekutere kubwa za studio zinaweza kufika ohm 250 ao 300. Pale simu inaweza kukosa nguvu. Kosa ingine unaitafuta hivi: cheza wimbo wenye kuanza polepole, usikie kama kuko "shiii" nyuma ya sauti. Ikiwa iko, jaribu ekutere ile ile ku chombo kingine. Ile "shiii" ikipotea, chombo njo kibaya.

Ku ekutere, tofauti ni kubwa zaidi. Hata nzuri, isipofunga sikio sawasawa, sauti nzito inatoroka. Jaribu zile mpira ndogo na kubwa mbele ya kusema haina besi. Na ukitumia Bluetooth, simu inafinya muziki tena mara ingine.

Sasa juu ya nini simu ya rafiki ilionekana kupita yako? Mara mingi ni juu ya volimi. Tangu 1933, Fletcher na Munson walionyesha kule Marekani kwamba sauti ikiwa chini, sikio linapoteza zaidi sauti nzito. Chombo chenye kulia kwa nguvu kidogo kinaonekana kiko na besi nzuri, kumbe ni nguvu paka.

Ukitaka kupima bila kujidanganya, fanya hivi. Kamata faili moja na ekutere moja. Zima kila kitu chenye kuongeza besi. Sawazisha volimi za vyombo viwili. Kisha rafiki avifiche, akuchezee mara 10, na kila mara useme ni chombo gani. Ukipata 5, ulibahatisha. Ukipata 9 ao 10, kweli kuko tofauti, na ni weye utajua kama inastahili ile bei.

Volimi iko na hatari ingine. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu mukubwa anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kila juma. Kwa desibeli 90, ni saa 4 paka. Kwa 100, dakika 20. Sikio likiharibika kwa makelele, hakuna duka lenye kuuza ingine.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mbele ya kutafuta dola za simu mupya, badilisha kwanza faili, halafu ekutere. Kisha fanya ile mara 10 na rafiki. Kama simu yako inashindwa kweli, pale njo utafute ingine.