Kitabu ukipendacho, ulikipata wapi?

Wiki mbili zilizopita, katika kikao chetu cha Jumatatu cha kupanga vipindi, kijana mmoja mtayarishaji alitoa shauri. Tuwaombe wasikilizaji wataje vitabu vitano vya zama hizi wanavyovipenda kuliko vyote, watume majina kwa simu, tuzihesabu kura, na mwisho wa mwezi tumtangaze mshindi. Wote tuliafiki, maana shauri lilikuwa zuri na halina gharama. Jioni nilipofika nyumbani nikachukua kalamu ili niandike vitano vyangu. Nikakwama kwenye cha kwanza.

Kilichonikwamisha nitakisimulia. Lakini kwanza, msikilizaji, nawe msomaji unayeyapata maneno haya gazetini, nikueleze habari za kura za namna hii huko zilikokwisha kufanyika, maana zina mambo.

Mwaka 1996, karne ya 20 ikielekea ukingoni, maduka ya vitabu ya Waterstone's ya Uingereza, yakishirikiana na televisheni ya Channel 4, yaliwataka wasomaji wataje vitabu vitano walivyoviona kuwa vikubwa kupita vyote katika karne hiyo. Watu wapatao 26,000 walijibu. Matokeo yalipotangazwa Januari 1997, wakubwa wa fasihi wa nchi ile walishika vichwa. Aliyeongoza hakuwa James Joyce wala Marcel Proust. Alikuwa profesa mmoja wa Oxford aliyekuwa amekwisha kufariki, J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, na kitabu chake ni The Lord of the Rings, kilichotoka mwaka 1954 na 1955 katika majuzuu matatu. Kwa asiyekijua, ni hadithi ya viumbe wafupi wenye nywele miguuni waliobebeshwa kazi ya kwenda kuiangamiza pete yenye nguvu za uovu. Kwa ufupi ni hekaya, tena ndefu, ya aina ambayo bibi zetu wangeitambua mara moja, ingawa labda wangeipunguza.

Baada yake zilifuata Nineteen Eighty-Four na Animal Farm za George Orwell, kisha Ulysses ya Joyce. Cha kumi kilikuwa Trainspotting, cha Irvine Welsh, kilichotoka mwaka 1993 tu.

Basi kelele zikaanza. Mwanazuoni Germaine Greer aliandika kwamba jinamizi lake la miaka mingi sasa limekuwa kweli. Wengine walishuku kwamba mashabiki wa Tolkien walipanga njama ya kupiga kura kwa wingi. Gazeti la Daily Telegraph likaamua kuwauliza wasomaji wake lenyewe, na jibu likawa lilelile. Mwaka 2003 BBC iliendesha kura kubwa zaidi, iliyokusanya kura zaidi ya robo tatu ya milioni, na mshindi akawa yuleyule. Mtu anaweza kusema hiyo ya 2003 ilisaidiwa na filamu, kwa kuwa filamu tatu za kitabu hicho zilitoka kati ya 2001 na 2003. Sawa. Lakini ile ya 1997 haikuwa na filamu hizo za kuitegemea. Wale watu walikuwa wamekisoma kitabu.

Hapo mimi nipo upande wa wapiga kura. Mhakiki ana haki ya kusema kitabu ni kibaya. Hana haki ya kusema watu hawakukipenda.

Hata hivyo, tutazame hesabu, kwa kuwa ndiko kwenye siri. Kura za mshindi zilizidi kidogo 5,000 kati ya watu 26,000. Hiyo ni takriban mtu mmoja katika kila watano. Wale wanne waliobaki, kila mmoja alikuwa na kitabu kingine mbele ya hicho. Kwa hiyo anayesema kwamba Waingereza walimchagua Tolkien amekosea kidogo. Waingereza walitawanyika huku na huku, na kundi kubwa kuliko mengine lilikutwa limesimama kwa Tolkien. Katika kura ya namna hii anayefaidi ni mwandishi ambaye wapenzi wake wote hukusanyika kwenye kitabu kimoja. Mwenye vitabu vingi vizuri huumia. Mfikirie Shaaban Robert: mmoja atampigia kura kwa Kusadikika, mwingine kwa Adili na Nduguze, wa tatu kwa Utubora Mkulima, wa nne ataapa kwamba hakuna kama Wasifu wa Siti Binti Saad. Mwisho wa yote mzee wetu anaweza kupitwa na mtu mwenye riwaya moja tu iliyopata bahati.

Wamarekani nao walijaribu mwaka 1998, na hao walipata la kuchekesha zaidi. Kampuni ya Modern Library iliunda jopo la watu kumi, tisa wanaume na mwanamke mmoja, lichague riwaya 100 bora za karne kwa Kiingereza. Jopo likaiweka Ulysses ya kwanza. Kisha kampuni ikawaachia wananchi nao wapige kura kwa intaneti, na kwa miezi mitatu zikaingia kura zaidi ya 217,000. Orodha ya wananchi ilipotoka, katika vitabu kumi vya kwanza, saba vilikuwa vya waandishi wawili tu: vinne vya Ayn Rand, aliyehubiri kwamba kila mtu ajitazame mwenyewe kwanza, na vitatu vya L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa Scientology. Katika orodha ya jopo waandishi hao wawili hawakuwamo hata kwa kitabu kimoja kati ya mia.

Sasa nani alikosea? Jopo lilikuwa watu kumi wa tabaka moja, waliozoea kusoma vitabu vya namna moja; Things Fall Apart ya Chinua Achebe, riwaya ya Kiingereza iliyosomwa dunia nzima tangu 1958, haikupata nafasi katika mia yao. Wananchi nao, walioonekana zaidi ni wale wenye sababu ya kurudi tena na tena kwenye kompyuta. Kura nyingi si lazima ziwe watu wengi.

Sisi Waafrika tulikuwa na yetu. Mwaka 1998, katika Maonesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Zimbabwe, Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alipendekeza vitafutwe vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20. Mapendekezo yakapokewa kutoka kwa watu na taasisi, jopo likayachambua, na orodha ikatangazwa Accra Februari 2002. Kumi na viwili vilitajwa kuwa bora zaidi kati ya mia. Humo yumo Achebe, yumo Mariama Bâ, yumo Ngũgĩ wa Thiong'o kwa A Grain of Wheat, na yumo Thomas Mofolo kwa Chaka, aliyoiandika kwa Kisesotho na kuchapwa mwaka 1925. Kwa Kiarabu yupo Naguib Mahfouz. Kwa Kiswahili, katika hivyo kumi na viwili, hakuna. Lugha ya mamilioni ya watu, na Mofolo akawa ndiye pekee aliyesimama pale na lugha ya Kibantu.

Niliwahi kulalamika juu ya jambo hili mbele ya rafiki yangu muuza vitabu vya mitumba, Kariakoo. Akanijibu bila kuinua macho: "Kaka, watachaguaje kisichowafikia?"

Jibu hilo limenifaa kuliko makala nyingi. Chukua mfano wa Abdulrazak Gurnah. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Riwaya yake Paradise ilitoka Uingereza mwaka 1994. Laiti tungepiga kura hapa Dar es Salaam Septemba 2021, sidhani angepata kura za kujaza ukurasa mmoja wa daftari. Oktoba mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 2022 kitabu kikatoka kwa Kiswahili, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, miaka 28 baada ya kuchapwa. Ukipiga kura leo atapata watu. Kitabu hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni njia ya kukifikia.

Hata Orwell, yule wa pili na wa tatu kule Uingereza, hapa kwetu wengi walimjua kwa sababu Fortunatus Kawegere alikaa chini akaifasiri Animal Farm, ikatoka mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Na Trainspotting ya kule, iliyoshika nafasi ya kumi, filamu yake ilikuwa imetoka mwaka 1996, mwaka uleule wa kura. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipata kukatazwa shuleni. Baadaye ikageuka kuwa kitabu cha kusomeshwa shuleni. Kuna aliyeisoma amejifunika shuka, na kuna aliyeisoma kwa sababu ya mtihani. Wote wawili wakiipigia kura, sisi tutahesabu mbili.

Sasa nirudi kwenye kalamu yangu iliyokwama.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, mkufunzi alituzungukia darasani, kila mmoja ataje kitabu kilichomgusa maishani. Ilipofika zamu yangu nikataja A Grain of Wheat. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukweli ni kwamba wakati huo sikuwa nimevuka sura ya tatu. (Nilikimaliza miaka sita baadaye, na ni kitabu kikubwa kweli, lakini hiyo ni habari nyingine.) Ninapoona Ulysses imeshika nafasi ya nne katika kura ya Waingereza, najiuliza ni wangapi miongoni mwa wapiga kura wale walikuwa ndugu zangu.

Kitabu ambacho ningekitaja kama si aibu ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, kile cha mpelelezi Willy Gamba. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa mwanga wa kibatari. Nakala yenyewe ilizunguka mtaa mzima hadi ikafika kwetu haina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka. Nilipofika pale zinapokatika nililia. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitano, akaniambia tulia, mimi nilikisoma kikiwa kizima. Akakaa kitandani akanisimulia mwisho wake wote, mpaka nikalala.

Nilikuja kupata nakala kamili nikiwa mtu mzima, nina kazi. Nikaisoma usiku mmoja. Mwisho wa kitabu haufanani kabisa na ule wa dada.

Sasa nipigie kura kipi? Cha Musiba, ambacho nilikipenda bila kukimaliza, au kile ambacho nusu yake haikuchapwa popote?

Kwa sababu hiyo, Jumatatu iliyofuata niliomba kikaoni tubadili swali kidogo. Tutapokea majina matano kama tulivyokubaliana, na kura zitahesabiwa. Ila kwa kila kitabu msikilizaji aongeze mstari mmoja: ulikipata wapi? Shuleni, kwa jirani, maktaba, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kanisani, msikitini, kwa mpangaji aliyehama akakiacha? Kijana wetu mtayarishaji alinung'unika kwamba majibu yatakuwa marefu na hayatahesabika. Ni kweli hayatahesabika kirahisi. Lakini mshindi atakapotangazwa, walau tutajua alipita mlango gani kuingia majumbani, na vingine vilifungiwa mlango gani. Mchapishaji akitaka kujua vitabu vyake vinaishia wapi, asikilize siku hiyo.

Juzi usiku nikampigia dada yangu, anaishi Tanga.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Kuna nini usiku huu?"

Nikamweleza habari ya kura, nikamwomba vitano vyake. Akacheka, akasema yeye miaka hii anasoma karatasi za kufungia vitumbua tu. Kisha akataja vitatu, akasita. Nikaona nimuulize lile ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Dada, ule mwisho wa Willy Gamba ulionisimulia, uliutunga?"

Akanyamaza kidogo.

"Sasa ningefanyaje? Ulikuwa unalia, na baba alikuwa amelala. Kitabu hata mimi nilikikuta hivyohivyo, hakina mwisho."

"Kwa hiyo hujawahi kuujua mpaka leo?"

"Nani angeniletea? Ehe, kwani unaishaje?"

Sikumwambia. Nakala yangu nimeifunga kwenye bahasha, na kesho asubuhi naipeleka Mbezi, kwenye basi la Tanga.