Jumba la Mawingo na swali la koko

Hapa Bukavu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, kuna hoteli iitwayo Orchids Safari Club. Nimepita karibu nayo miaka mingi bila kujiuliza kitu. Mwaka jana koko wangu alishuka kutoka Katana kwa matibabu, akaniomba nimsomee kibao. Nikasoma. Akauliza: "Safari ya kwenda wapi, mujukuu?"

Sikuwa na jibu. Kulitafuta kulinifikisha mbali na Kivu, hadi Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Sisemi kwamba hoteli yetu ilichukua jina lake huko. Ila jumba la Nanyuki linaonyesha vizuri jinsi maneno yetu yanavyoingia katika nyumba za watu wengine.

Mount Kenya Safari Club haikuzaliwa hoteli. Ilikuwa nyumba ya watu wawili: Rhoda Lewisohn, mwanamke tajiri kutoka Marekani, na Gabriel Prud'homme, rubani Mfaransa. Waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1930, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo mstari wa ikweta unapita katika kiwanja chenyewe. Wakaiita "Mawingo".

Mwanafunzi wa Kiswahili lazima asimame hapo. Wingu, mawingu: ngeli ya JI-MA, neno la mwaka wa kwanza. Hiyo "o" ya mwisho imetoka wapi? Dhana yangu ni kwamba ilitoka sikioni. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "u" ya mwisho hutamkwa kwa wepesi, na mgeni huandika alichodhani amesikia. Lakini kwa nini hakuna aliyesahihisha? Ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba. Aliingia kama mpishi, mtunza bustani au mchunga farasi. Waliojua kulitamka jina la nyumba sawasawa ndio waliopita mlango wa jikoni.

Sisi wa Kivu tusiwacheke Wakenya. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi ya babu zetu miaka hiyohiyo. Mji huu wenyewe uliitwa Costermansville, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa serikali ya kikoloni. Nyuma ya kila villa palikuwa na boyeri, vyumba vya watumishi. (Leo boyeri hizo tunazipanga sisi wanafunzi, na bei si ya kitumishi hata kidogo.)

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jumba la Nanyuki lilifanywa hoteli na Abraham Block, aliyekuwa tayari na hoteli ya Norfolk ya Nairobi tangu 1927. Jina la Mawingo likabaki. Mwaka 1959 likanunuliwa na William Holden, mwigizaji wa filamu wa Marekani, pamoja na wenzake Ray Ryan na Carl Hirschmann. Wakaligeuza kuwa klabu ya wanachama, na jina jipya likapandishwa langoni. Baadaye lilipita mikononi mwa wengi, akiwemo tajiri Msaudi Adnan Khashoggi.

Kwa hiyo Kiswahili kilipoteza pale neno lililoandikwa vibaya, kikapata neno lililoandikwa vizuri lakini lenye maana iliyopinda. Safari, kutoka Kiarabu, kwetu ni mwendo wowote: msafara wa wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na Maniema, au koko kupanda basi kurudi Katana. Hata marehemu tunamtakia safari njema. Katika lugha za Ulaya neno hilo likawa uwindaji, kisha likawa kupiga picha za simba. Ndipo likarudi Afrika, kwenye vibao, likiwa na maana hiyo mpya. Binafsi naona kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, maana herufi husahihishwa kwa kalamu tu.

Nilimweleza koko haya yote. Alisikiliza, kisha akasema kwamba huko kwao watu hawakuwahi kulitumia jina ambalo mlowezi alilipa jumba lake. Walilitaja kwa jina la mpishi: "kwa fulani". Ukisema hivyo, kila mtu alijua ni nyumba ipi.

Jina la mpishi huyo sijaliona kwenye ramani yoyote. Nimeliandika katika daftari, pamoja na mengine saba ambayo koko ameyakumbuka. Nyumba mbili kati ya hizo zimekwisha kubomolewa.