Fungu la Kababu: kwa Mkubwa na kwa Mdogo

Miongoni mwa vyakula ambavyo watu wa pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Dar es Salaam, huviandaa kwa mapenzi na kuvila bila ya kuuliza vimebeba nini, kababu imo katika safu ya mbele. Hukaangwa mwezi wa Ramadhani kwa futari, hukaangwa wanapobisha hodi wageni, hutiwa ndani ya bakuli la urojo pamoja na mbatata na bajia, na jioni huteremshwa kwa kikombe cha chai. Na aghalabu mlaji hushughulika na harufu ya thomu na kotmiri, asikumbuke kwamba ndani ya donge lile dogo la nyama ya kusaga mna amana ambayo mwili wa mwanadamu hauipati kwa wepesi mahali pengine. Rai yangu ni kwamba kababu huwafaa mno wale ambao kwa desturi ya nyumba nyingi hupewa chache, na huwafaa kidogo wale ambao husogezewa sahani nzima.

Mpishi akichukua ratili moja ya steki, yaani kadiri ya gramu 450 za nyama isiyo na mfupa, akaisaga, akaitia slesi mbili za boflo zilizorowekwa na kukamuliwa, yai moja, kitunguu maji kilichokatwa laini, thomu na tangawizi zilizotwangwa, kotmiri, pilipili mbichi, bizari nzima na chumvi, kisha akaviringa madonge ya wastani, atapata kababu 15 hivi, na kila moja itakuwa na kadiri ya gramu 30 za nyama mbichi. Maadamu nyama yenyewe ni mnofu, gramu hizo 30 zina takriban gramu 6 za protini, nayo ndiyo inayojenga misuli, ngozi na damu. Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60, ambaye kwa kipimo cha wataalamu wa lishe ahitaji kiasi cha gramu 48 kwa siku, akila kababu tatu huwa amekwisha kupata zaidi ya thuluthi ya haja yake, na mtoto wa miaka mitano au sita, ambaye haja yake ni kama gramu 19, hupita nusu kwa kababu mbili tu. Boflo na yai havikuwekwa kwa ujanja wa kupunja. Huishikamanisha nyama na kuilainisha, na humwezesha mwenye ratili moja kulisha aila nzima. Lakini wako wauzaji ambao boflo lao limekwisha kuishinda nyama, na mnunuzi wao hununua mkate uliokaangwa.

Protini, hata hivyo, hupatikana pia katika maharage, choroko na kunde. Fadhila hasa ya nyama imo katika vitu vidogo. Vitamini B12, ambayo mwili huitumia kutengeneza damu na kuilinda mishipa ya fahamu, kwa asili haipatikani katika mimea, na mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku; kababu tatu za ng'ombe humkaribisha sana na kiwango hicho. Zinki, ambayo mtoto akiikosa hudumaa na kidonda chake huchelewa kupona, nayo imo kwa wingi, ilhali ile ya nafaka hufungwa na asidi iliyomo katika pumba isiachiliwe mwilini kwa wepesi. Katika habari ya madini ya chuma yafaa tuseme kweli, kwa maana hapo watu hutia chumvi: kababu tatu hazizidi sana miligramu 2 za chuma, na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hukadiriwa kuhitaji miligramu 18 kwa siku. Ubora wa chuma cha nyama ni kwamba huingia damuni upesi kuliko cha mboga, na, jambo la ajabu zaidi, nyama kidogo ikiliwa pamoja na mchicha au kunde hukivuta na chuma cha mboga hizo kikaingia nacho. Ndimu inayokamuliwa mezani hufanya kazi hiyo hiyo kwa vitamini C yake, na heri ikamuliwe mwisho, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hiyo. Chai, kinyume chake, hukizuia chuma cha mboga, na kwa hiyo ada yetu ya kababu na chai ni ada tamu yenye hasara, na mwenye upungufu wa damu angengoja kama saa moja baada ya kula ndipo amimine kikombe chake.

Katika upande wa pili wa mizani ipo shahamu. Gramu 100 za nyama mbichi ya kusaga yenye mafuta asilimia 10 hutoa kilokalori 176, na ile yenye asilimia 30 hutoa 332, karibu mara mbili, na jicho haliwezi kuipambanua kwa yakini moja na nyingine baada ya kusagwa. Yafaa basi mtu achague pande lake buchani, aliangalie, kisha ndipo litiwe mashineni mbele yake. Karai nalo huongeza mafuta mengine, hasa likibandikwa na kutiwa kababu kabla halijapata moto, kwani boflo hunywa mafuta vuguvugu, ilhali mafuta yaliyochemka barabara huikausha ngozi ya kababu mara moja. Na mafuta yaliyokaangiwa siku baada ya siku mpaka yakawa meusi ni ya kumwaga. Mwenye kuambiwa na tabibu apunguze mafuta hana haja ya kuihama kababu: na azipike ndani ya mchuzi wa nyanya, au azioke, ladha haipotei. Chumvi aipime, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, na kidonge cha mchuzi kinachotiwa siku hizi ni chumvi juu ya chumvi.

Usagaji wenyewe una hatari ambayo pande zima la nyama halina. Vijidudu aghalabu hukaa juu ya nyama, ambapo moto huvifikia mwanzo. Mashine huvichukua ikavisambaza mpaka ndani ya moyo wa donge, ambapo moto hufika mwisho. Mwaka 1982, nchini Marekani, watu kadhaa waliugua kuhara damu baada ya kula nyama ya kusaga isiyoiva, na ndipo ilipotambulikana bakteria iitwayo E. coli O157:H7, ambayo huweza kuziharibu figo, hasa za watoto. Kwa sababu hiyo kababu hutakiwa ifikie nyuzi 71 za selisiasi katikati. Asiye na kipimajoto na aipasue moja kabla ya kuepua, na akiona maji yenye wekundu azirudishe zote, ingawa rangi peke yake si shahidi mwadilifu. Katika joto la pwani zisikae nje zaidi ya saa mbili.

Sasa tuje kwa watoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 wataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokacho kwa wanyama, kama nyama, samaki au yai, na nyama ya kusaga humfaa kwa kuwa meno yake hayajatosha. Lakini fungu lake litengwe kabla ya kutiwa chumvi na pilipili, lipikwe na kupondwapondwa ndani ya supu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu asipewe kababu nzima ya mviringo, kwani yaweza kumziba koo. Ikatwe vipande vidogo, naye akae kitako anapokula. Wazee nao wamo katika hukumu hii, kwa kuwa misuli yao hupungua kwa umri hata wakahitaji protini zaidi ya vijana, na mishikaki wengi wao hawaiwezi tena.

Wenye kudhani kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu na watazame Embu, nchini Kenya, ambako tangu mwaka 1998 Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenziwe wa Kenya walizigawa shule 12 katika mafungu manne: watoto wa fungu moja walipewa shuleni githeri, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, iliyotiwa nyama ya kusaga, wa la pili githeri na maziwa, wa la tatu githeri iliyozidishwa mafuta, na wa la nne hawakupewa kitu. Nyama yenyewe ilikuwa gramu 60 kwa siku, baadaye ikaongezwa ikawa 85, kiasi cha kababu mbili au tatu. Waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika mtihani wa kufikiri kwa maumbo, misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na uwanjani walionekana wachangamfu, wepesi wa kuanzisha michezo na kuwaongoza wengine.

Nikilinganisha habari hiyo na sinia ya futari katika nyumba nyingi, ambamo baba na wageni hula sita au saba na watoto hugawiwa moja moja kwa kuhesabiwa, naona tumeupindua mgawanyo. Mwanamume mzima aliyeshiba huongeza shahamu tu kwa kababu ya saba, na Mfuko wa Ulimwengu wa Utafiti wa Saratani wamshauri asizidishe nyama nyekundu iliyopikwa ya gramu 350 hadi 500 kwa wiki. Hata hivyo, ni haki kueleza kwamba hukumu kali zaidi, iliyotolewa mwaka 2015 na wataalamu wa saratani wa Lyon, Ufaransa, iliziangukia soseji na nyama zilizokaushwa kwa moshi au chumvi, wala si kababu ya nyumbani.

Kwa nyumba ambayo nyama ni ghali ipo hila moja iliyo njema: katika ratili ya nyama itiwe robo ratili ya ini, visagwe pamoja. Ini lina chuma zaidi ya mara mbili ya mnofu, na vitamini A ambayo mnofu karibu hauna kabisa, na mtoto mwenye kulikimbia ini sahanini hulila humo bila ya kujua, kwa kuwa tangawizi na bizari hulifunika. Mara moja kwa wiki yatosha. Mwenye mimba, kwa sababu vitamini A ikizidi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na atengewe nyama yake mapema, kabla ini halijatiwa mashineni.