Nzige Hajui Mpaka: Funzo la Ivuna kwa Majirani

Msafiri aendaye Zambia kwa njia ya Tunduma haioni Ivuna. Malori ya mizigo hupita juu milimani yakakimbilia kituo cha forodha, na Ivuna hubaki kule chini, kwenye tambarare za kusini mwa Ziwa Rukwa, katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Hata hivyo jina lake limefika mbali kuliko malori hayo. Wataalamu wa nyota walijua jina hilo kwa sababu ya kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938, nao wakaliita kundi zima la vimondo vya namna ile kwa jina la kijiji hiki. Wachunguzi wa mambo ya kale walilijua kwa sababu ya chumvi, maana ushahidi waliouchimbua katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi Ivuna tangu yapata karne ya 13.

Lakini leo hatutazungumza habari za kimondo wala za chumvi. Twataka kuzungumza habari za majani. Ndiyo, majani yale yale ya tambarare ambayo ng'ombe huyala, moto huyachoma, na maji ya ziwa huyafunika na kuyaacha. Katika majani hayo mna jambo linalozihusu nchi nyingi za Afrika, na mna funzo kwa kila mtu atakayepewa kazi ya kuongoza hifadhi ya wanyama na ardhi inayovuka mipaka.

ADUI ALIYETOKA NYUMBANI

Kwenye mwaka 1930 nzige wekundu walianza kuruka kwa makundi makubwa, wakaenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya ikweta. Balaa hilo halikwisha hata mwaka 1944. Kwa muda wa miaka kama kumi na minne mkulima alipanda bila kujua kama atavuna yeye au watavuna wadudu. Serikali za wakati ule zilihangaika kuwapiga nzige mashambani, lakini aliyepigwa hapa alikuwa amekwisha kuzaa kule.

Ndipo wataalamu wakauliza swali la busara: je, wadudu hawa hutoka wapi? Jibu liliwashangaza wengi. Nzige hawa hawakutoka katika nchi yote. Walitoka katika mabonde machache tu yanayoweza kuhesabiwa, na miongoni mwa mabonde hayo makubwa yalikuwa mawili: Mweru wa Ntipa, katika nchi iitwayo leo Zambia, na Bonde la Rukwa letu sisi.

Sababu yake si uchawi. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Mvua ikizidi, ziwa huvimba likameza mbuga; mvua ikipungua, ziwa hukonda, na nyuma yake huacha tambarare tupu ambazo huota majani marefu. Nzige mwekundu hupenda mahali kama hapo. Hutaga mayai mvua zinapoanza, watoto wake hukua pamoja na majani, na wakubwa hukaa kiangazi kizima wakingojea mvua nyingine. Kizazi chake ni kimoja kwa mwaka. Akiwa mmoja mmoja ni panzi tu, hana madhara makubwa. Lakini wakisongamana hubadilika rangi na tabia, wakawa jeshi. Mambo hayo ya kugeuka kwa nzige yalielezwa na mtaalamu Boris Uvarov mwaka 1921.

Basi msomaji na aone maana yake. Jeshi linaloweza kula mahindi ya Malawi au ya Msumbiji huweza kuanza kama panzi wachache katika nyasi za Rukwa, mahali ambapo hapana shamba wala mtu wa kupiga kelele. Anayelichunga bonde hili anachunga mlango wa nyumba ya watu wengi, ambao wengi wao hawajasikia hata jina la Ivuna.

KAZI ILIYOVUKA MIPAKA

Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 serikali za kikoloni zilifanya mapatano ya kuunda chombo kimoja cha kuzuia nzige wekundu. Makao yake yaliwekwa Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, upande wa Zambia. Hatuna haja ya kusema kwamba wakoloni walifanya hivyo kwa kuwapenda wakulima wetu. Walikuwa na mashamba yao na kodi zao. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya haki, na jambo la fahari ni kwamba nchi zetu zilipokwisha kujitawala hazikuiacha ife. Mwaka 1971 ziliunda shirika lao wenyewe la kuzuia nzige wekundu katika Afrika ya Kati na ya Kusini, na makao yake yako Ndola, Zambia.

Tena chombo kile cha zamani kilituachia urithi mwingine. Miongoni mwa watumishi wake wa Abercorn alikuwamo mchunguzi mmoja, Desmond Vesey-FitzGerald. Alitumwa kuangalia nzige, lakini hakuweza kuangalia nzige bila kuangalia nyasi, wala nyasi bila kuangalia wanyama wanaozila. Mwaka 1960 alichapisha maelezo ya jinsi wanyama wa Rukwa wanavyopokezana malisho. Wakubwa kama tembo na nyati huingia kwanza katika majani marefu, wakayala na kuyakanyaga. Kisha nyamera na wanyama wengine wadogo zaidi hufuata na kula majani mafupi yanayochipuka. Kwa hiyo mnyama mmoja humwandalia mwenzake meza. Ukimwondoa wa kwanza, wa pili naye hukosa chakula, hata kama hakuna aliyempiga risasi.

Kutokana na hayo, wenye akili walielewa kwamba bonde ni kitu kimoja. Mdudu, majani, mnyama, moto na maji havina ofisi mbalimbali. Ofisi mbalimbali ni zetu sisi. Hata maji yenyewe hayaulizi uraia: Mto Momba, unaomwaga maji yake Rukwa, huanzia upande wa Zambia karibu na Mbala, na huko huitwa Saisi. Mtu akiharibu miti ya chanzo chake kule, tope lake huteremka hadi huku.

DAWA ISIYOMWUA JIRANI

Kwa miaka mingi silaha ya kupambana na nzige ilikuwa sumu. Dawa kama dieldrini ilisifiwa duniani kwa kuwa ilikaa muda mrefu na kuendelea kuua. Baadaye sifa hiyo ikageuka kuwa lawama, maana sumu inayokaa muda mrefu haichagui wa kumwua. Huingia katika mwili wa ndege, wa samaki na wa mtu. Dieldrini ni mojawapo ya sumu zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Katika mwaka 2009 nzige wekundu walizidi kwa wingi tena katika Tanzania. Safari hii walikuwa katika tambarare za Ziwa Rukwa, za Iku katika Hifadhi ya Katavi, na katika bonde la Malagarasi. Hapo palikuwa na mtihani mkubwa. Nyasi zile zile zilizojaa nzige zilijaa tembo, viboko na twiga. Kumwaga sumu kali kulikuwa sawa na kuchoma nyumba ili kuua panya. Kuacha kumwaga chochote kulikuwa kuhatarisha chakula cha watu ambao Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa milioni 15 katika nchi za eneo hili.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya tatu. Shirika hilo pamoja na shirika la Ndola walitumia dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, aina ya ukungu wa asili unaomshika nzige na kumwua bila kumdhuru mnyama mwingine. Hekta zipatazo 10,000 zilinyunyiziwa kutoka angani. Dawa hii ina kasoro moja: ni ya polepole. Nzige hafi papo hapo. Hudhoofika kwa siku nyingi kabla hajafa. Kwa hiyo haifai pale ambapo nzige wamekwisha kutua juu ya mtama. Hufaa mbugani, mapema, kabla hawajaruka, na huwafaa wale tu waliojua mapema.

Na huwezi kujua mapema kama hukuhesabu.

KIONGOZI ASIYE NA ASKARI

Sasa twauliza: mtu anayeongoza kazi kama hii ni kiongozi wa namna gani? Waziri ana wizara yake na mkuu wa wilaya ana wilaya yake. Lakini kiongozi wa hifadhi inayovuka mipaka hawezi kuamuru serikali yoyote. Hana askari wake wala mahakama yake. Akienda Lusaka ni mgeni. Akienda Dodoma ni mgeni. Akishuka Ivuna ni mgeni zaidi. Mali yake ni mbili tu: habari za kweli na kuaminiwa.

Mikataba haipungui. Mwaka 1994 yalifanyika Mapatano ya Lusaka juu ya kuzuia biashara haramu ya wanyama na mimea ya porini. Mwaka 1999 nchi za Kusini mwa Afrika zilitia sahihi itifaki ya kuhifadhi wanyamapori na kutekeleza sheria zake. Tangu Septemba 1961, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, Mwalimu Nyerere alitamka mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana, na kwamba kuwatunza kwahitaji wataalamu, watu na fedha, na ushirikiano wa mataifa mengine. Maneno hayo yangali ya kweli. Lakini mkataba hauwezi kutembea mbugani. Anayetembea ni mtu.

Mtu huyo ni nani? Kwanza ni mwananchi wa bondeni. Mwanda anayevua, mfugaji aliyekuja na mifugo yake, mkulima wa mpunga, mpika chumvi: hao ndio wanaoona majani kila siku. Kiongozi anayewadharau amejipofua mwenyewe. Tena hana haki ya kuwaambia walinde wanyama kwa ajili ya dunia, kisha tembo akila shamba lao dunia isionekane. Mwananchi wa Ivuna ana swali lake, nalo ni halali: "Ninachunga mlango wa watu wengi. Je, hao wenye nyumba wananipa nini?" Programu isiyo na jibu la swali hilo itabaki katika makabati.

Na swali hilo linazidi uzito siku hizi. Mifugo imeongezeka bondeni na mashamba yameteremka kuelekea ziwani. Mwaka 2016 wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba chini ya Bonde la Rukwa mna hazina kubwa ya gesi ya heli, na tangu hapo watafutaji wamechimba visima katika sehemu hizo. Hatusemi gesi iachwe ardhini, wala hatusemi mpunga usilimwe. Twasema kwamba ardhi moja haiwezi kupangwa na watu watano wasiosemezana.

MWAKA WA KIMYA

Yako maradhi moja yanayoziua kazi za namna hii, nayo ni kufanikiwa. Nzige wakija, fedha hupatikana, ndege huruka, wakubwa hufika na wapiga picha. Nzige wasipokuja miaka mitano, huanza maneno: ya nini kulipa ada ya kuzuia kitu ambacho hakipo? Michango ya nchi wanachama ikachelewa, gari likakosa mafuta, mhesabu nzige akakaa ofisini. Watu husahau kwamba nzige hawakuja kwa sababu yuko aliyekuwa akiwahesabu. Mlinzi aliyezuia mwizi asiingie hana mwizi wa kumwonyesha bwana wake.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba kipimo cha kiongozi wa kazi hii si siku ya balaa. Siku ya balaa kila mtu ni hodari. Kipimo chake ni mwaka wa kimya. Je, mwaka huo hesabu ilifanywa? Je, ada ililipwa? Je, jirani wa Mbala alipata barua kutoka Momba, na wa Momba akapata barua kutoka Mbala, ingawa hapakuwa na habari ya kutisha?

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja mkutano mkubwa. Hesabu ya kila mwaka ya nzige na ya wanyama isomwe katika mikutano ya vijiji vya bondeni kwa Kiswahili chepesi, isifungiwe Ndola na Dodoma. Vijana wa Momba na wenzao wa upande wa Zambia wafundishwe kazi hii pamoja, ili wajuane kwa majina kabla ya siku ya hatari. Na nchi zote wanachama zilipe mchango wa mwaka wa kimya kwa moyo ule ule wa mwaka wa vita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Ivuna ufa hauonekani kwa macho ya mpita njia. Umefunikwa na majani, na ndani yake panzi mmoja mmoja anatulia akingojea mvua. Aende mtu akamhesabu sasa, wakati bado ni panzi.